Vibandiko, Sindano au Kifaa cha Kupandikizwa: Kuchagua Tiba ya Neva kwa Kibofu Kisichotulia

Nafanya kazi ya tiba ya viungo mjini Kisumu, na wengi wanaofika kwangu ni watu wenye matatizo ya nyonga na kibofu. Mmoja wao, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Luanda, alinieleza ugonjwa wake kwa vituo vya matatu. "Nikipanda pale Luanda, tukifika Maseno nimeshabanwa. Tukifika Kisian sisikii tena watu wanazungumza nini. Nikishuka Kisumu simsalimii mtu, natafuta choo." Alikuwa ameacha chai ya asubuhi, kanisani alikaa karibu na mlango, na ndani ya mkoba wake hapakukosekana leso ya akiba. Dawa za vidonge alikuwa amezimeza kwa miaka mitatu, aina mbili tofauti. Zilimsaidia kidogo, lakini zilimkausha kinywa hadi ugali haukumezeka bila maji, na maji ndiyo aliyoyaogopa.

Daktari wake alikuwa amemtajia tiba ya kuchochea neva kwa umeme, akamwambia kwamba ziko njia tatu. Mwalimu alikuja kuniuliza ipi iliyo bora. Nilimjibu kwamba swali lenye faida zaidi kwake ni lingine: ni ipi kati ya hizo atakayoweza kuendelea nayo mwaka wa tano? Tiba hizi hazikiponyi kibofu moja kwa moja. Hukituliza maadamu zinaendelea, na kwa watu wengi zikikatizwa dalili hurudi polepole. Kwa hiyo anayechagua anachagua pia mzigo wa miaka mingi, na mzigo ulio mwepesi kwa mtu wa Milimani unaweza kumwelemea mtu wa Bondo au wa Molo.

Kwanza, hakikisha ni ugonjwa huu

Kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi hutambuliwa kwa dalili yake kuu, nayo ni kubanwa na mkojo ghafla kwa namna isiyoahirishika. Mara nyingi mtu huenda haja ndogo mara nane au zaidi kwa siku, huamka usiku, na wengine mkojo huwatoka kabla ya kufika chooni. Lakini jina hilo hutolewa tu baada ya sababu nyingine kuondolewa. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari kisichodhibitiwa, tezi dume iliyovimba na mawe ya kibofu vyote huleta dalili zinazofanana. Damu katika mkojo ni lazima ichunguzwe kabla ya jambo lolote lingine. Mwanamke ambaye tangu kujifungua mkojo humtoka mfululizo, mchana na usiku, bila hata kubanwa, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, na Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inayojulikana kwa kazi hiyo. Hakuna umeme wa neva utakaoziba tundu.

Kuna pia hatua za mwanzo ambazo sitaki mtu aziruke: kupunguza chai kali, kahawa na soda, kufundisha kibofu kusubiri kwa kuongeza dakika chache kila wiki, na mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani uliotolewa mwaka 2024 haumlazimishi tena mgonjwa kupanda ngazi moja baada ya nyingine, bali unataka daktari na mgonjwa wakubaliane kulingana na mahitaji yake. Hata hivyo mazoezi hayana madhara, hayana nauli, na huendelea kusaidia hata mtu anapotumia tiba nyingine.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazilinganisha njia tatu. Ya kwanza ni vibandiko vya umeme vinavyowekwa juu ya ngozi karibu na kifundo cha mguu, mara nyingi nyumbani. Ya pili ni sindano nyembamba inayochomwa mahali hapo hapo na kupitishiwa umeme, kliniki. Ya tatu ni kifaa kinachopandikizwa mwilini, chenye waya unaofika kwenye neva za sakramu, yaani mfupa ulio chini ya kiuno. Nitazitazama zote kwa mambo yale yale: zinavyofanya kazi, ushahidi ulivyo, muda na safari, maumivu na madhara, hali yake baada ya miaka mitano, na gharama. Sitayapa yote nafasi sawa, kwa sababu katika maisha ya watu ninaowahudumia hayana uzito sawa.

Zinavyofanya kazi

Kila mgonjwa huuliza mguu na kibofu vinahusiana vipi. Neva ya tibia, inayopita nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, inatokana na mizizi ya uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne ya kiuno hadi ya tatu ya sakramu. Neva zinazokiamuru kibofu kubana na kulegea hutoka sehemu hiyo hiyo ya sakramu. Ukiichochea neva ya mguuni kwa mipigo midogo ya umeme, ujumbe hupanda hadi pale zinapokutana na kuituliza mizunguko inayokipa kibofu haraka isiyo na sababu. Namna hasa utulivu huo unavyotokea bado inachunguzwa na wanasayansi.

Vibandiko na sindano hutumia mlango huo wa mguuni. Tofauti yake ni kwamba umeme wa vibandiko hupita kwenye ngozi na nyama kabla ya kuifikia neva, ilhali sindano huupeleka karibu kabisa nayo. Kifaa cha kupandikizwa hakipiti mguuni. Waya mwembamba wenye elektrodi nne huingizwa katika tundu la tatu la mfupa wa sakramu, ukaunganishwa na betri ndogo inayozikwa chini ya ngozi ya juu ya tako. Njia hii ilitokana na kazi ya Emil Tanagho na Richard Schmidt katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 1997 kwa watu wanaovujwa na mkojo kwa kubanwa ghafla.

Jambo moja linanivutia kila mara. Mtoa tiba anapotafuta mahali sahihi, iwe ni kwa sindano kifundoni au kwa waya kwenye sakramu, moja ya ishara anazongoja ni ile ile: kidole gumba cha mguu hujikunja chenyewe. Mgonjwa hukitazama kidole chake kikicheza bila amri yake, na mara nyingi ndipo anapoamini kwamba mguu na kibofu ni majirani.

Ushahidi

Sindano ina ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu swali gumu, yaani kama nafuu inatokana na tiba au na matumaini ya mgonjwa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 220 waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa tiba halisi na lingine tiba ya kuigiza, bila kuambiwa wako kundi gani. Baada ya wiki 12, asilimia 54.5 ya waliopata tiba halisi walisema wamepata nafuu ya wastani au kubwa, dhidi ya asilimia 20.9 ya wale wa kuigiza. Tuzisome namba zote mbili kwa uaminifu: tiba inafanya kazi, na pia karibu nusu ya waliotibiwa hawakupata nafuu ya kutosha. Katika ufuatiliaji wa miaka mitatu wa watu waliokwisha kunufaika, 29 walifika mwisho, na asilimia 77 walikadiriwa kuwa bado wanaihifadhi nafuu yao kwa tiba ya takriban mara moja kwa mwezi. Hao ni watu wachache, na wote walikuwa wamechaguliwa kwa sababu tiba iliwafaa tangu mwanzo.

Vibandiko vina tafiti nyingi ndogo, na kadhaa kati yake zinaonyesha matokeo yasiyotofautiana sana na ya sindano. Hata hivyo utafiti mkubwa wa Uingereza uliofanywa kwa wazee 408 waliokuwa katika nyumba za kutunzia wazee, wakipewa vipindi 12 katika wiki sita, haukuona faida zaidi ya tiba ya kuigiza. Wazee wale walikuwa dhaifu, wengi wakiwa na matatizo ya kumbukumbu, na kwa hiyo siyachukui matokeo hayo kuwa hukumu kwa mwanamke wa miaka 50 anayejitembelea. Lakini nayataja kwa sababu vibandiko ndivyo vinavyouzwa kwa ahadi kubwa mno.

Kifaa cha kupandikizwa kina faida ambayo nyingine hazina: kinajaribiwa kabla ya kununuliwa. Waya wa muda huwekwa kwa siku chache, au waya wa kudumu huunganishwa na betri ya nje kwa wiki moja hadi mbili, na mgonjwa huandika kila safari ya chooni. Dalili zikipungua kwa nusu au zaidi, kifaa hupandikizwa. Zisipopungua, waya hutolewa. Katika utafiti mmoja uliowafuatilia watu 272 waliopandikizwa, baada ya miaka mitano asilimia 82 ya waliobaki katika ufuatiliaji walikuwa bado na mafanikio, na hesabu ilipojumuisha pia walioshindwa na kuacha njiani, kiwango kilikuwa asilimia 67. Ukitajiwa namba moja tu kati ya hizo, uliza ya pili.

Muda na safari

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo wagonjwa wa magharibi ya Kenya hushindwa, na mara nyingi huambiwa kwamba tiba ndiyo iliyowashinda.

Sindano hutolewa kwa dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, kisha kwa wanaonufaika huendelea takriban mara moja kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza hizo ni safari kama 21 za kwenda na nyingine 21 za kurudi. Kwa anayeishi Nyalenda na kliniki iko Kisumu, ni mwendo wa boda. Kwa anayetoka Siaya, Mbale au Londiani, dakika 30 za tiba ni siku nzima, na kwa muuzaji wa nyanya katika soko la Kibuye ni kibanda kilichofungwa au kuachiwa mtoto. Na tusisahau ugonjwa wenyewe ni upi. Tunamwambia mtu asiyeweza kukaa ndani ya matatu kwa saa moja apande matatu kila wiki ili apone tatizo la kutoweza kukaa ndani ya matatu. Nimewaona watu wakiacha wiki ya tano au ya sita, wakati nafuu kwa kawaida huanza kujionyesha kati ya wiki ya sita na ya nane, wakaenda nyumbani wakiamini kwamba sindano haikuwafaa. Anayechagua sindano ahesabu nauli ya safari 12 kabla ya kuanza safari ya kwanza.

Vibandiko huondoa barabara lakini huleta kitu kingine, nacho ni nidhamu ya kila siku. Ratiba inayotumiwa mara nyingi ni dakika 30 kila siku kwa wiki 12, kisha kwa kupunguza taratibu huku ukitazama dalili. Kwa wiki hizo 12 pekee, dakika hizo ni saa 42. Wanaofaulu ni wale walioifungamanisha tiba na jambo ambalo tayari wanalifanya, kwa mfano taarifa ya habari ya jioni. Mafunzo ya kwanza lazima yafanywe ana kwa ana. Kibandiko kimoja huwekwa nyuma kidogo ya kifundo cha ndani, kingine kama sentimita 10 juu yake, na mashine hupangwa kwa mipigo 10 hadi 20 kwa sekunde, nguvu ikiongezwa hadi mtu asikie mchonyoto unaoshuka kwenye unyayo bila maumivu. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni mafuta. Watu hupaka mafuta miguuni baada ya kuoga, kisha kibandiko hakishiki vizuri, umeme unapita pembeni tu, ngozi inachomachoma, na neva haiguswi. Mguu uoshwe kwa sabuni, ukaushwe kabisa, mafuta yangoje hadi tiba iishe.

Kifaa cha kupandikizwa hudai muda mwingi mwanzoni na kidogo baadaye. Kuna uchunguzi, jaribio, upasuaji, na ziara kadhaa za kupanga nguvu ya umeme. Baada ya hapo mtu anaweza kukaa miezi mingi bila kumwona daktari. Kwa mkaaji wa mbali hiyo inasikika kama jibu lenyewe, na kwa baadhi yao ndilo. Lakini huko huko mbali lazima awepo mtu wa kukuhudumia utakapomhitaji, jambo ambalo nitalirudia.

Maumivu na madhara

Sindano ya kifundoni ni nyembamba sana, na huingizwa kwa mshazari kama vidole vitatu juu ya kifundo. Wengi huogopa kuiona kuliko kuihisi. Madhara yake ni madogo: tone la damu, alama ya bluu, ganzi au maumivu ya muda mahali ilipochomwa. Vibandiko huwasha ngozi kwa baadhi ya watu, na zaidi ya hapo ni nadra kuleta shida.

Kifaa cha kupandikizwa ni upasuaji, hata kama ni mdogo, na kina hatari za upasuaji. Mahali pa betri panaweza kuuma, maambukizi yanaweza kulazimisha kifaa kutolewa, waya unaweza kusogea, na umeme unaweza kuanza kusikika mguuni au mahali pasipostahili. Si wachache wanaorudi chumba cha upasuaji ndani ya miaka mitano, iwe kwa kurekebisha waya au kubadilisha betri. Mwenye kifaa cha aina ya zamani huenda asiruhusiwe kipimo cha MRI cha mwili mzima, ingawa vifaa vipya vimerekebishwa kwa ajili hiyo. Matibabu ya joto la kina la umeme, ambayo bado hutumika katika baadhi ya vyumba vya tiba ya viungo, ni mwiko kwake, na ni wajibu wake kulisema hilo kila mahali anapotibiwa.

Mjamzito, au anayetarajia kupata mimba wakati wa tiba, kwa kawaida haanzishiwi yoyote kati ya hizi, na mwenye kifaa tayari huambiwa akizime. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asitumie sindano wala vibandiko bila idhini ya daktari wa moyo, na mara nyingi jibu huwa ni hapana. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya sindano. Mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu apimwe kwanza, kwa kuwa neva iliyoharibika hailipeleki vizuri neno la umeme, na ngozi isiyosikia inaweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Mwaka wa tano

Nilimhudumia mzee mmoja aliyepandikizwa kifaa alipokuwa akiishi ughaibuni kwa mwanawe. Kilimfaa sana. Alirudi nyumbani, akaishi karibu na Nakuru, na kwa mwaka mzima alisahau kwamba aliwahi kuwa mgonjwa. Kisha siku moja akaanguka bafuni, na umeme ukahama kutoka nyonga hadi kwenye paja. Kifaa hakikuwa kimeharibika. Kilihitaji tu kupangwa upya kwa mashine maalumu ya kampuni iliyokitengeneza, na pale alipokwenda kutibiwa mashine hiyo haikuwepo. Alikizima mwenyewe kwa rimoti yake, akarudia vitambaa. Alikuja kwangu akiwa na rimoti hiyo ndani ya soksi safi, ameifunga vizuri kama mtu aliyetunza hati ya shamba, akanikabidhi kwa mikono miwili akiniuliza kama naweza. Sikuweza.

Tangu siku hiyo namwuliza kila anayefikiria upandikizaji maswali yale yale. Kifaa hiki ni cha kampuni gani, na ni nani nchini aliye na mashine ya kukipanga? Betri ni ya aina gani? Zile zisizochajiwa hudumu miaka kadhaa kulingana na matumizi, kisha hubadilishwa kwa upasuaji, wakati zile za kuchaji zimeundwa kudumu takriban miaka 15, ila zinamtaka mtu aketi na chaja mara kwa mara, na nyumba iwe na umeme wa kutegemewa. Daktari akihama, faili yako itabaki na nani?

Sindano nayo ina mwaka wake wa tano. Haina kitu kinachobaki mwilini, na ukiiacha umeacha. Inategemea kliniki iliyo na mashine, sindano zinazotumika mara moja na kutupwa, na mhudumu aliyefunzwa. Ukikosa kimoja kati ya hivyo kwa miezi mitatu, dalili zinaweza kurudi, na huenda ukahitaji kuanza tena kila wiki.

Vibandiko ndivyo vinavyokufa kimya kimya. Gundi huisha, mgonjwa anavibana kwa plasta, mawasiliano ya umeme yanakuwa duni, na baada ya muda mashine inaingia kabatini. Hakuna anayempigia simu kumwuliza. Ninapompa mtu vibandiko humwomba ataje jina la mtu mmoja wa nyumbani atakayemkumbusha, na tarehe ya kuja kunionyesha daftari lake.

Gharama

Vibandiko vina gharama ya mashine mara moja na vibandiko vya kubadilisha. Sindano ina gharama ndogo kila ziara, lakini nauli na siku za kazi zilizopotea huizidi mara nyingi. Kifaa cha kupandikizwa ni ghali kuliko vyote kwa mbali, na gharama yake haiishi siku ya upasuaji kwa sababu ya betri na marekebisho. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na bima za kibinafsi ziulizwe kwa maandishi, tena kwa kila kipande: jaribio, kifaa, upasuaji, upangaji, na ubadilishaji wa betri. Jibu la mdomo halitakusaidia dirishani pa kulipia.

Njia nyingine zilizo karibu

Kuna vifaa vidogo vinavyopandikizwa kifundoni badala ya kwenye sakramu. eCoin iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, na Revi mwaka 2023. Wazo lake ni kuunganisha wepesi wa mguu na uhuru wa kutokwenda kliniki, lakini historia yake bado ni fupi kwa anayetaka kujua mwaka wa kumi.

Sindano za Botox ndani ya kibofu si tiba ya neva kwa umeme, ila hutajwa pamoja nazo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliilinganisha na kifaa cha sakramu kwa wanawake waliovujwa na mkojo. Katika miezi sita Botox ilipunguza kuvuja kwa mara 3.9 kwa siku, na kifaa kwa mara 3.3, tofauti iliyopo lakini ndogo, huku maambukizi ya njia ya mkojo yakiwapata asilimia 35 ya kundi la Botox dhidi ya asilimia 11 ya kundi la kifaa. Botox pia hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, na baadhi ya watu hulazimika kutumia mpira wa mkojo kwa muda kwa sababu kibofu kimelegea kupita kiasi.

Kulingana na hali yako

Ikiwa unaishi mbali na mji, unajitegemea kwa mikono na kumbukumbu, na dalili zako ni za wastani, vibandiko vinastahili kujaribiwa kwanza, mradi ufundishwe ana kwa ana na uwe na tarehe ya kurudi. Ikiwa kumbukumbu imeanza kupotea, usimpe mama au baba vibandiko na kumwachia, bali awepo mtu wa kumwekea.

Ikiwa uko ndani ya Kisumu, Nakuru au Eldoret, au una kazi inayokuleta mjini kila wiki, na unapendelea mtu mwingine ashike usukani wa tiba, sindano inaweza kukufaa zaidi. Mwulize mhudumu kama sindano za wiki zote 12 zipo tayari, na umalize wiki hizo kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa mkojo hukutoka mara nyingi kwa siku, umekwisha kujaribu dawa na njia nyepesi, na una daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anayeweza kukueleza nani atakupangia kifaa mwaka wa tano, omba jaribio la sakramu. Kujaribu hakukufungi kupandikizwa. Hali hiyo hiyo ikiwa mkojo pia hukataa kutoka, maana kifaa cha sakramu kiliidhinishwa mwaka 1999 kwa baadhi ya watu wenye shida hiyo isiyotokana na kizuizi, na vibandiko na sindano havina ushahidi wa namna hiyo kwao.

Ikiwa una tatizo la moyo lenye kifaa ndani, au unatarajia mtoto, rudi kwenye mazoezi, mafunzo ya kibofu na mazungumzo na daktari kuhusu dawa kabla ya kufikiria umeme wowote.

Na ikiwa bado hujui dalili zako ni za wastani au ni kubwa, chukua daftari la kurasa chache, na kwa siku tatu andika kila ulichokunywa, kila ulipokwenda haja ndogo, kiasi kilichotoka ukipima kwa jagi lenye alama, na kila mara ulipobanwa ghafla. Mwalimu wangu wa Luanda aliandika kwa mwandiko wa ubao, mistari iliyonyooka, safari 14 kwa siku na tatu usiku. Amechagua vibandiko kwa sababu binti yake anaishi naye na taarifa ya saa moja jioni huwa haimpiti. Tumekubaliana atarudi wiki ya 12 na daftari jipya, na kama safari hazitakuwa zimepungua, tutaanza kuhesabu nauli ya sindano.